Angani Hakuna Ngazi

Mjini hapa tunayo hoja moja inayomaliza mazungumzo yote. Ukizungumzia ushairi, unaambiwa kwanza tushibe. Ukizungumzia uchoraji, unaambiwa kwanza maji ya bomba. Na ukithubutu kuzungumzia safari za angani, watu watacheka mpaka machozi yawatoke, halafu mmoja atakupigapiga begani na kukwambia, "Aisee, shuka chini kwanza."

Mimi nakubali tushuke chini, lakini tushuke na swali letu mkononi. Je, ni haki, au ni kejeli, kwa msanii mwenye ulemavu kukesha akichora mlango wa chombo cha angani utakaopitika na mtu asiyetembea, ilhali mlango wa daladala la Tegeta haupitiki na mtu huyo huyo? Sisi vijana tunaokutana Jumamosi hapa Mbezi Beach kusomeana tulichoandika tumelibishania swali hili wiki tatu mfululizo, na mpaka sasa wapo wasiosalimiana vizuri kwa sababu yake. Naomba leo niyaseme kwa kalamu yale ambayo barazani yalimezwa na kelele.

Swali lenyewe lina chanzo chake. Tarehe 20 Desemba 2025, mhandisi Mjerumani, Michaela Benthaus, alirushwa na roketi kutoka Texas, Marekani, akapita kimo cha kilomita 100 ambacho wengi hukihesabu kuwa ndio mwanzo wa anga za juu, kisha akarudi salama. Safari nzima ilichukua kama dakika 10. Watu wengine walikwisha kufanya safari ya namna hiyo. Kilichoifanya hii izungumzwe ni kwamba Benthaus hatembei. Uti wake wa mgongo uliumia mwaka 2018 alipoanguka na baiskeli ya milimani, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Kabla yake, hakuna mtumiaji wa kiti cha magurudumu aliyewahi kufika huko.

Sasa nisikilize vizuri, ndugu msomaji. Unadhani waliongeza nini ndani ya chombo kile ili mtu asiyetembea aweze kuingia? Injini mpya? Kompyuta mpya? Waliongeza ubao. Ubao wa kutelezea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, kama ule wa kuhamishia wagonjwa hospitalini. Na chombo kilipotua jangwani, wakatandika zulia juu ya mchanga ili kiti chake cha magurudumu kimfikie. Lifti ya kupandia mnara wa roketi, wenye kimo kama cha ghorofa 7, ilikuwapo tayari. Ubao na zulia, basi. Vitu ambavyo fundi seremala yeyote wa kando ya Barabara ya Bagamoyo, na mama yeyote mwenye mkeka, wangeweza kuvitoa.

Na miaka yote hiyo tulikuwa tukiaminishwa kwamba kinachozuia ni sayansi.

Nani anabebwa

Tuanze na mwili. Ndani ya chombo kinachoizunguka dunia, mwili hauna uzito. Hakuna kusimama, hakuna kutembea, hakuna kupanda wala kushuka. Angani hakuna ngazi. Wanaanga wanaokaa miezi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga husogea kwa mikono, wakijivuta kwenye vishikio vya ukutani, na miguu yao inabaki na kazi moja ndogo, kunasa kwenye vyuma ili wasielee mbali wakati wa shughuli. Ngozi ngumu ya nyayo hulainika, na sugu huota upande wa juu wa mguu kwa sababu ya kunasa huko. Mifupa nayo hupungua, kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi katika sehemu zinazobeba uzito, ikiwa mtu hafanyi mazoezi ya kutosha. Yaani kila anayekaa kule, hata awe na kifua cha bondia, anaishi na miguu isiyo ya kutembelea. Anatengenezewa vifaa vya kumsaidia, na hakuna anayemwita mlemavu.

Wanaporudi ndipo utaona ajabu zaidi. Wale wanaotua na chombo cha Soyuz katika mbuga za Kazakhstan hutolewa kwa kubebwa. Huwekwa kwenye viti, hufunikwa blanketi, kisha hubebwa tena na viti vyao hadi kwenye hema la madaktari. Watu wanapiga makofi. Picha zinakwenda dunia nzima. Hutamsikia mtu akinong'ona, "Masikini, mtazame."

Mimi natembea kwa magongo mawili tangu utotoni, kwa hiyo habari ya kubebwa naijua. Nilipata kualikwa kusoma hadithi yangu katika ukumbi mmoja mjini, ghorofa ya 2, jengo lisilo na lifti. Vijana wawili wema walinibeba mpaka juu, na magongo yangu nimeyashika mikononi kama mtu mwenye makasia lakini hana mtumbwi. Ukumbi mzima ukaniambia "pole". Nikasoma hadithi, wakapiga makofi. Mpaka leo sijui kama walikuwa wakiipigia hadithi au ngazi.

Kabebwa mwanaanga, nimebebwa mimi. Mikono ni ile ile. Tofauti iko wapi? Naona iko hapa, kwamba kubebwa kwa mwanaanga kumo kwenye ratiba. Kumepangwa, kumefanyiwa mazoezi, wapo watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, na kiti chake kimetangulia kufika kumsubiri. Kubebwa kwangu kulikuwa dharura, kwa sababu siku jengo lile lilipochorwa hakuna aliyefikiri kwamba mtu kama mimi angekuja kusoma hadithi. Sisemi kwamba miguu yangu haina lake. Usiku wa baridi inaniuma, na maumivu hayo hayana msanifu wa kulaumiwa. Lakini sehemu kubwa ya ulemavu ninaokutana nao kila siku haimo miguuni mwangu. Imo kwenye karatasi ya mchoraji ramani. Ngazi ni hukumu iliyoandikwa kwa saruji, na wewe hukuitwa siku ya kusikilizwa kesi.

Ufukweni hapa Mbezi nayaacha magongo mchangani na kuingia baharini. Maji yakifika kifuani, mimi na wewe hatuna tofauti, na pengine nikakupita. Hakuna aliyenitibu pale. Mahali tu ndipo palipobadilika.

Nani alipimwa

Kila kitu kilichotengenezwa kina mtu aliyepimwa. Ukinunua shati la mtumba likakubana makwapani, mwili wako hauna kosa, alipimwa mtu mwingine. Na nguo za wanaanga nazo ni nguo, zina fundi na futi ya kamba. Zile zilizovaliwa na waliotembea mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972 zilishonwa kwa cherehani na akina mama, katika kampuni ambayo jina lake, Playtex, lilikuwa likijulikana kwa sidiria. Tabaka 21, mshono juu ya mshono, na kosa dogo la sindano lingeweza kuua mtu. Lakini aliyepimwa siku zile alikuwa rubani wa kivita, mwanamume, Mmarekani, mwenye afya ya kupita kiasi.

Kipimo kile kiliendelea kutawala. Mwezi Machi 2019 wanawake wawili walipangiwa kutoka pamoja nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, jambo ambalo halijawahi kufanyika. Likaahirishwa. Sababu? Sehemu ya kifua ya nguo, ya saizi ya kati iliyowafaa wote wawili, ilikuwa tayari moja tu. Safari ya wanawake wawili ilikuja kufanyika tarehe 18 Oktoba mwaka huo huo, ambapo Christina Koch na Jessica Meir walitoka nje pamoja. Huyo ni mwanamke mzima wa afya, rubani au mwanasayansi, na bado nguo haimtoshi. Je, mtu wa mguu mmoja?

Wapo waliopimwa lakini hawakupelekwa. Kuanzia mwaka 1958, jeshi la wanamaji la Marekani na shirika la anga la NASA waliwachukua wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet, Washington. Wengi wao homa ya uti wa mgongo ilikuwa imewaharibia sehemu ya ndani ya sikio, ile inayotufanya tuhisi kizunguzungu. Wakazungushwa ndani ya chumba siku 12 mfululizo, wakarushwa kwenye ndege za kupoteza uzito, wakapelekwa kwenye bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia. Wao walikaa wakicheza karata. Watafiti ndio waliotapika, hata jaribio likakatishwa. Kwa safari ya angani, ambako kichefuchefu ni adui wa siku za kwanza, mtu wa namna hiyo ana sifa ya ziada. Ujuzi ukachukuliwa kutoka miilini mwao, safari wakapewa wengine. Sisi tulio na ulemavu tunaifahamu vizuri biashara hiyo.

Mlango umeanza kufunguka sasa. Mwaka 2022 shirika la anga la Ulaya lilimchagua John McFall, daktari wa upasuaji Mwingereza, mshindi wa medali ya shaba ya mbio za mita 100 katika Paralimpiki ya Beijing mwaka 2008. Alipoteza mguu akiwa na miaka 19 katika ajali ya pikipiki. Hapa Dar es Salaam, mji wa bodaboda, sina haja ya kukueleza ajali ya pikipiki ni nini. Februari 2025 McFall alitangazwa kuwa anafaa kiafya kwa safari ndefu, na mguu wake bandia.

Na hata yule aliyepimwa vizuri, siku moja kipimo humtoka. Tarehe 16 Julai 2013, Luca Parmitano wa Italia alikuwa nje ya kituo maji yalipoanza kuvuja ndani ya kofia yake. Yakamfunika macho na pua, redio ikawa haisikiki vizuri, jua likazama. Alirudi mlangoni kwa kumbukumbu na kwa kuuhisi mvuto wa kamba yake ya usalama. Kwa dakika zile alikuwa mtu asiyeona, tena asiyesikia vizuri, na kilichomwokoa ni kitu cha kupapasa. Mtu asiyeona anayevuka mitaa ya Kariakoo kwa fimbo yake angeweza kuwa mwalimu wake.

Msanii anaingia wapi

Utaniuliza, haya yote si kazi ya wahandisi? Msanii anatafuta nini hapo?

Mhandisi mzuri hujibu swali aliloulizwa. Msanii kazi yake ni kubadilisha swali. Mhandisi ataulizwa, "Tumpitisheje mtu huyu mlango huu?" Msanii mwenye ulemavu atauliza, "Nani alisema mlango uwe hivi?" Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye kitanda hicho amekilalia.

Mwaka 2012 msanii wa Uingereza, Sue Austin, ambaye alianza kutumia kiti cha magurudumu mwaka 1996, alikipeleka kiti chake chini ya bahari. Alikifunga mashine ndogo za kukisukuma na mapezi ya kukielekeza, akavaa mtungi wa hewa, akawa anapaa kati ya samaki na gauni lake likimpepea. Waliomwona hawakujua wamwambie nini, maana "pole" haikufaa. Kumbuka kwamba wanaanga nao hujifunzia kazi zao ndani ya bwawa kubwa la maji huko Houston. Austin hakuomba nafasi kwenye bwawa lao. Alionyesha kwamba kiti tulichozoea kukiona kama gereza kinaweza kuwa chombo cha safari.

Tarehe 17 Oktoba 2021, watu 12 wenye ulemavu walipanda ndege iliyoruka kutoka Long Beach, California, ndege ya kupanda na kushuka kwa mkunjo ili walio ndani wapoteze uzito kwa sekunde 20 na kidogo kila mara. Mpango huo unaitwa AstroAccess. Miongoni mwao alikuwapo mwanamuziki Viktoria Modesta, mzaliwa wa Latvia, ambaye jukwaani miguu yake bandia ni kazi za sanaa zenyewe. Walikwenda kujaribu vitu, wala si kupiga picha tu. Je, asiyeona atajuaje upande wa mlango akiwa anaelea? Alama za kupapasa zitamfaa? Taa zinaweza kumpa kiziwi taarifa ambazo wengine wanazipata kwa king'ora? Lugha ya alama inaeleweka ikiwa anayeisema amepinduka kichwa chini? Mmoja wao, ambaye hana nguvu miguuni, alishonewa mkanda kwenye nguo yake ili aweze kuikunja miguu kwa mkono na kuielekeza. Kule ubao, huku mkanda. Kazi ya seremala na kazi ya fundi cherehani.

Usidhani kwamba ubunifu wa namna hii unapatikana ng'ambo tu. Waliosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam wanaikumbuka ngoma iliyotangulia taarifa ya habari. Aliyeipiga ni Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyekuwa akipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Wengi tunaisifu mikono yake na kusahau mpangilio wake. Alizipanga ngoma zimzunguke, kila moja mahali pake, kila sauti umbali wa mkono. Hebu mtazame rubani wa chombo cha angani alivyokaa katikati ya vitufe vyake, kila kimoja umbali wa mkono. Kuna tofauti gani? Mzee Morris alikuwa amesanifu chumba cha rubani cha mtu asiyehitaji macho, na taifa zima likawa linaanza kupokea habari za dunia kwa mlio wake.

Nina sababu ya kumtaja hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru, kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Sasa, mionzi ya eksirei hakuna jicho la binadamu linaloiona. Mbele ya mionzi hiyo sote ni vipofu, profesa na mimi na wewe. Kinachopokelewa ni namba, na mtu ndiye anayeamua kuzigeuza kuwa picha. Wanda Díaz-Merced, mwanaanga wa darubini kutoka Puerto Rico, alipopoteza uwezo wa kuona hakuacha kazi. Alizigeuza namba kuwa sauti, akazisikiliza nyota, na amewahi kufanya kazi hiyo hapa Afrika, mjini Cape Town. Tangu mwaka 2020 NASA nayo imekuwa ikitoa sauti zilizotengenezwa kutokana na takwimu za darubini ya Chandra, ambayo ni mjukuu wa ile Uhuru ya Malindi. Kumbe ule uamuzi wa kuifanya elimu ya nyota iwe ya kutazama peke yake ulikuwa mazoea tu. Angepatikana mtu wa kuwakutanisha, Mzee Morris angeweza kuwachezea mbingu.

Mikono ya kazi hiyo tunayo. Iringa ipo Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na viziwi wachache, ikakua mpaka ikawa na karakana na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na mteja ndiye anayejifunza jinsi ya kuagiza. Hapa Dar es Salaam mafundi wenye ulemavu wa Wonder Workshop, Msasani, wamejulikana kwa kuchomelea vyuma chakavu vikawa wanyama na watu. Anayeweza kugeuza mnyororo wa baiskeli kuwa shingo ya twiga, usimwambie kwamba kishikio cha ukutani ni jambo gumu.

Hoja ya foleni

Turudi sasa kwa mwenzetu anayesema tushuke chini. Hoja yake si ya kipuuzi. Anasema hivi: yule anayepanda roketi ya Jeff Bezos, mmoja wa matajiri wakubwa duniani, haibadilishii chochote mtoto wa Temeke anayetambaa kwenda shule. Dakika 10 za mtu mmoja, picha nzuri, kampuni inajipatia sifa, na ngazi zinabaki pale pale. Anasema pia kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 tayari inataka majengo ya umma yafikike, basi tuishughulikie hiyo kwanza.

Kuhusu picha, namuunga mkono. Kupandishwa si sawa na kushirikishwa. Mtu anaweza kutolewa mfano, akapewa ua, na siku ya pili michoro ikaendelea kama jana. Ndiyo maana sihesabu nani amepanda. Nahesabu nani aliulizwa kabla ubao haujakatwa.

Lakini pale anaposema "kwanza", hapo tunaachana. Anaifanya haki kuwa foleni, na mimi nakaa foleni tangu nizaliwe. Nikiomba mteremko wa saruji shuleni, kwanza madawati. Nikiomba kupanda daladala, konda ananiambia, "Braza, subiri inayofuata." Inayofuata nayo ina konda wake. Mtu hana tumbo peke yake wala ndoto peke yake, anatembea na vyote viwili siku ile ile.

Tena kuna sababu ya akili ya kawaida kabisa. Ngazi za mjini zimeshajengwa, na kuzivunja ni gharama. Vyombo vya angani vya kesho bado viko kwenye karatasi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kimepangiwa kushushwa baada ya mwaka 2030, na makampuni yanachora vituo vya kukirithi hivi sasa tunavyoongea. Mstari wa penseli unafutika kwa kifutio, mstari wa zege unafutwa kwa nyundo na bajeti. Kama kuna wakati wa kuuliza, ni sasa, kabla mazoea hayajapata saruji.

Na jicho linalojifunza kuuliza kule juu halifumbi likishuka. Mfano tunao. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutoka Kimara kwenda Kivukoni, sakafu ya kituo ililinganishwa na sakafu ya basi. Sikuhitaji kubebwa, nilivuka kama ninavyovuka mlango wa chumbani. Lakini nilipogeuka niliona tusiopanda ngazi tuko wengi. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni mkononi, mzee wa magoti, mjamzito, mchuuzi na furushi lake, kijana aliyefungwa plasta juzi. Kilichopimwa kwa ajili ya mtu wa magongo kiliwatosha wote. Kilichopimwa kwa ajili ya kijana mwenye mbio kinamtosha kijana mwenye mbio tu, tena mpaka siku atakapoteguka.

Kwa hiyo anayeniambia nishuke chini, namjibu kwamba niko chini. Niko Tangi Bovu, mbele ya mtaro wa duka, nasubiri ubao.

Kwa wenye kalamu

Jibu langu basi ni kwamba ni haki, kwa sharti moja. Haki ya kwanza ya mtu haianzii kwenye kupanda, inaanzia kwenye kuulizwa wakati wa kuchora. Msanii mwenye ulemavu anayechora mlango wa chombo cha angani hajaukimbia mlango wa daladala. Anaulizia ile ile penseli iliyouchora, iko kwa nani.

Na sisi tunaoandika tunayo penseli yetu. Kiswahili kimewapa kiwete, kipofu, kiziwi na kilema umbo lile lile la kiti, kijiko na kiatu. Wapo wanaoona hilo ni tusi, na siwalaumu. Lakini umbo hilo hilo limewabeba pia kijana na kiongozi. Tena sikiliza sarufi ya bibi yako: hasemi "kipofu kimekuja", anasema "kipofu amekuja". Lugha ilimpa jina la kitu, kisha ilipofika kwenye kitendo ikakumbuka kwamba huyu ni mtu. Mwandishi anatakiwa amalizie kazi hiyo. Kwenye hadithi zetu mtu wa magongo huwa ama ombaomba wa ukurasa wa 2, ama mtu anayeponywa ukurasa wa mwisho. Mpe kazi. Mfanye nahodha, mpe hasira, mpe mchumba, mwache akosee njia kati ya sayari mbili na alaumiwe kama nahodha mwingine yeyote.

Na ukikichora chombo chenyewe, usiniambie tu kwamba kinang'aa. Niambie mlango wake una upana gani, vishikio viko urefu gani, king'ora kikilia kiziwi atajuaje, na taa zikizimika nani atawaongoza wengine kutoka. Ukishindwa kujibu, usikisie. Yupo mtu mtaani kwako anayejua. Mwendee umuulize, na ukae chini umsikilize mpaka amalize.